Unakwenda Minnesota Kumwona Ndugu? Usiishie Sebuleni

Kila shule zinapokaribia kufungwa, na tena Krismasi inapobisha hodi, wasomaji huniuliza swali lile lile: nimepata viza, nakwenda Minnesota, nitafanya nini huko? Anayeuliza huwa ni mzazi anayekwenda kumwona mjukuu, muumini wa Dayosisi ya Iringa ya KKKT aliyealikwa na usharika wa Saint Paul kupitia ushirika wao wa Bega kwa Bega, au mtu anayemsindikiza mgonjwa Mayo Clinic kule Rochester. Wengi hawakulichagua jimbo hili. Wanalifuata kwa sababu mtu wao yuko huko.

Na wengi hurudi wameona sebule, kanisa au msikiti, na duka moja kubwa. Inaniuma kila ninapolisikia hilo. Vibao vya namba za magari ya Minnesota vinasema jimbo lina maziwa 10,000. Hesabu rasmi ya maziwa yenye ekari 10 na zaidi ni 11,842. Mto Mississippi unaanzia humo humo, na upande wa kaskazini mashariki kuna ziwa ambalo mtu wa Mwanza au Kisumu akiliona atanyamaza kidogo. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: fuata maji, na uyafuate kwa msimu wake. Mengine yote ni nyongeza.

Anza na kalenda

Kabla ya kuuliza uende wapi, jiulize unafika mwezi gani. Minnesota ya Januari na ya Julai ni kama nchi mbili tofauti.

- Desemba hadi Machi: theluji, maziwa yameganda, na mwezi Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Kuna raha yake, nitaieleza mbele.
- Aprili: barafu inayeyuka, kila mahali matope. Kama tarehe ni yako kuchagua, usichague Aprili.
- Mwisho wa Mei hadi Agosti: joto, kijani, na mwezi Juni jua huzama saa tatu usiku. Mbu nao wako kazini.
- Septemba hadi katikati ya Oktoba: majani ya miti yanageuka mekundu na ya dhahabu, mbu wamepungua, hewa ni kavu. Kaskazini rangi hukolea mwishoni mwa Septemba. Minneapolis na Saint Paul hufuata wiki mbili hivi baadaye.

Ukiniomba nikuchagulie, nitakwambia wiki ya mwisho ya Septemba bila kusita. Shule zimefunguliwa, umati umepungua, na barabara ya kaskazini iko katika uzuri wake.

Mwenyeji yuko kazini, nami sina gari

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na lina ukweli. Ndugu zetu wengi huko wanafanya kazi za zamu, mara nyingi hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Mwanao akirudi asubuhi anahitaji kulala, si kukutembeza. Usimsubiri. Mwombe akufundishe jambo moja tu: kupanda treni ya mjini.

Njia iitwayo Blue Line inatoka Mall of America, inapita uwanja wa ndege, inaingia katikati ya Minneapolis. Green Line inaunganisha Minneapolis na Saint Paul. Kwa njia hizo mbili unapata siku nzima ya matembezi:

1. Shuka kituo cha 50th Street/Minnehaha Park. Tembea hadi maporomoko ya Minnehaha, yenye urefu wa mita 16 hivi, katikati ya bustani ya umma. Hakuna kiingilio.
2. Rudi kwenye treni hadi kituo cha U.S. Bank Stadium, kisha tembea taratibu hadi Mill City Museum. Jumba hili limejengwa ndani ya magofu ya kiwanda cha unga kilichojengwa upya baada ya mlipuko wa mwaka 1878 ulioua watu 18. Kilichowalipua ni vumbi la unga lenyewe. Kwa miaka 50 hivi, kuanzia 1880, Minneapolis iliongoza dunia kwa kusaga ngano, na humo utaonyeshwa ilivyokuwa.
3. Toka nje utazame Stone Arch Bridge, daraja la mawe la mwaka 1883 lililojengwa kwa ajili ya treni na sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli. Chini yake Mississippi unaporomoka.
4. Ukibaki na nguvu, panda Green Line hadi Capitol, jengo la serikali ya jimbo lililofunguliwa mwaka 1905. Kuingia ni bure.

Onyo moja: vituo hivi havina geti. Mtu anaweza kuingia bila tiketi akadhani ni safari ya bure. Siyo. Nunua tiketi kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, na uitunze, maana wakaguzi hupita ndani.

Zaidi ya hapo, kuna sehemu tatu zisizodai kiingilio ambazo wageni wetu huzikosa kwa kutoambiwa: Minneapolis Institute of Art, yenye vyumba vya sanaa ya Afrika pia, Minneapolis Sculpture Garden, yenye sanamu ya kijiko kikubwa kilichobeba cheri, na Como Park kule Saint Paul, yenye bustani ya wanyama na nyumba ya vioo ya mimea ya nchi za joto. Como huomba mchango wa hiari. Toa chochote. Na ukifika Februari, ile nyumba ya vioo itakurudishia harufu ya udongo wa kwetu.

Mall of America: nenda, lakini usihamie huko

Sikukatazi. Duka lilifunguliwa mwaka 1992, ni miongoni mwa maduka makubwa kabisa Marekani, na ndani yake kuna uwanja mzima wa michezo ya watoto wenye mabembea na treni za kupanda na kushuka. Kuingia jengoni hulipi. Unalipia michezo tu. Jambo la kukufurahisha zaidi ni kwamba Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo na viatu vya kawaida, hivyo bei ya shati unayoiona ndiyo utakayolipa. Vitu vingine vingi vinaongezewa kodi ukifika kwa mhudumu.

Makosa ya kuepuka:

- Kununua zawadi zote wiki ya kwanza, kisha kulipia begi la ziada uwanja wa ndege. Pima mzigo nyumbani kwa mwenyeji.
- Kuwaachia vijana wazunguke peke yao. Duka lina sheria ya vijana wa chini ya miaka 16 kuwa na mtu mzima mwenye miaka 21 au zaidi katika saa zilizotajwa. Soma saa hizo kwenye tovuti yao kabla ya kutoka.
- Kwenda Jumamosi mchana. Nenda Jumanne asubuhi.

Duluth na ziwa kubwa kuliko letu

Ukiwa na nafasi ya safari moja tu nje ya mji, iwe hii. Shuleni tulifundishwa kwamba Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa yasiyo na chumvi. La kwanza ni hili hapa, Lake Superior: kilomita za mraba zipatazo 82,000, dhidi ya 68,000 na kitu za Victoria. Lakini usitegemee kuona vitu vilevile. Huoni mitumbwi ya dagaa wala magugu maji. Unaona miamba myeusi, misonobari hadi ukingoni, na maji meupe kama kioo yanayouma mkono hata mwezi Julai.

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni kilomita 250 hivi kwa barabara kuu ya I-35, mwendo wa saa mbili na nusu. Panga siku mbili, ulale usiku mmoja.

*Siku ya kwanza, Duluth.* Nenda moja kwa moja eneo la Canal Park. Hapo kuna Aerial Lift Bridge, daraja ambalo sehemu yake ya barabara huinuliwa juu nzima nzima ili meli ipite chini. Meli hizi hubeba madini ya chuma na nafaka, na kubwa zake zina urefu wa mita 300. Zinapita karibu mno na ukuta unaosimama juu yake, hata unaweza kuwapungia mkono mabaharia, nao hujibu. Ujanja ni kujua saa ya meli: ingia kituo cha wageni kilicho pale pale kando ya mfereji, hakina kiingilio, uulize ratiba ya siku. Wageni wengi hupiga picha daraja likiwa limelala, wakaondoka dakika ishirini kabla ya meli. Subiri. Ukisikia honi ya meli na honi ya daraja zikiitikiana, utajua kwa nini nilikwambia usubiri.

*Siku ya pili, barabara ya 61.* Inafuata ukingo wa ziwa kwenda kaskazini mashariki.

- Gooseberry Falls, kama kilomita 65 kutoka Duluth. Maporomoko yako karibu na maegesho, njia ni nzuri hata kwa mzee anayetembelea bakora.
- Split Rock Lighthouse, mbele kidogo. Mnara wa taa juu ya jabali, uliowashwa mwaka 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuziharibu meli nyingi ziwani. Kuupanda mnara unalipia. Lakini picha nzuri kuliko zote hupigwa kutoka ufukweni chini, si kutoka juu.
- Palisade Head, jabali refu lenye kutazama ziwa lote. Ukingo wake hauna uzio wa kutosha. Shika mkono wa mtoto, usimwachie hata kwa picha moja.

Kwenye fukwe za kokoto utaona watu wameinama wakitafuta akiki, jiwe lenye mistari myekundu ambalo ndilo kito rasmi cha jimbo. Inama nawe, ni kazi ya kutuliza roho. Ila ndani ya hifadhi za jimbo huruhusiwi kuondoka na mawe. Tafuta ufukwe wa umma nje ya hifadhi.

Maonyo ya ziwa hili ni mazito. Usiogelee kwa mazoea ya Victoria au ya bahari ya kwetu: baridi ya maji hukata pumzi hata kwa muogeleaji hodari. Siku ya upepo usitembee juu ya kuta za mawe za bandarini, mawimbi huruka na kuzoa watu. Na beba jaketi hata kama umeondoka Minneapolis kwenye joto la nyuzi 32, maana ukingoni mwa ziwa joto hushuka ghafla.

Kuna wanaotaka kwenda hadi Grand Marais na kurudi Minneapolis siku hiyo hiyo. Grand Marais ni kilomita 177 mbele ya Duluth. Utaona kioo cha gari tu.

Kuuvuka Mississippi kwa miguu

Katika hifadhi ya Itasca, Mississippi unatoka ziwani ukiwa kijito cha magoti. Umepangwa mstari wa mawe, unavuka kwa hatua chache mto ambao baada ya kilomita zipatazo 3,700 unaingia Ghuba ya Meksiko. Mwaka 1832 kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, aitwaye Ozawindib ndiye aliyemfikisha hapo Mmarekani Henry Schoolcraft. Jina la Schoolcraft likaingia vitabuni, la mwongozaji wake likachelewa sana. Mtajie mjukuu majina yote mawili.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1891 na ndiyo kongwe kuliko zote za jimbo. Ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne kutoka Minneapolis. Gari linahitaji kibali kuingia hifadhi za jimbo, cha siku au cha mwaka. Ukipanga hifadhi nyingi, cha mwaka kinalipa. Mawe yanateleza: vaa viatu vya kulowa, usivuke na simu mkononi. Anayeogopa mawe avue viatu apite majini pembeni, mchanga ni laini.

Maonyesho ya jimbo, kama umefika Agosti

Minnesota State Fair hufanyika Falcon Heights, ubavuni mwa Saint Paul, kwa siku 12 zinazoishia Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mwaka 2019 walipita hapo watu zaidi ya milioni mbili. Mfugaji wa Njombe au Nyandarua atasahau muda kwenye mabanda ya ng'ombe, farasi na kondoo. Na nakusihi uyaanzie hayo, kabla ya vyakula. Kuna pia chumba cha baridi ambamo msichana aliyeteuliwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huchongwa sura yake kwenye bonge la siagi la kilo arobaini hivi. Ndiyo, siagi.

- Nenda siku ya kazi, ufike mapema asubuhi.
- Acha gari kwenye maegesho ya nje yenye mabasi ya bure. Kutafuta nafasi jirani na uwanja ni kupoteza saa nzima.
- Chakula kinauzwa kwenye vijiti, kingi kimekaangwa. Soseji nyingi zina nguruwe. Kama huli, uliza kabla ya kulipa, na uulize pia mafuta ya kukaangia. Hawakasiriki ukiuliza.
- Nunueni kimoja mgawane. Vionjo ni vingi kuliko tumbo.

Kula nini zaidi

Samaki wa walleye, mweupe na laini, ndiye sangara wao wa heshima. Kuna mkate wa nyama uitwao Jucy Lucy, wenye jibini ndani ya nyama. Baa mbili za Cedar Avenue kila moja inadai ndiyo iliyouanzisha. Usiuume mara ukiletwa: jibini lile linachemka na limeunguza midomo mingi.

Zawadi ninayoipenda kuliko zote ni mchele wa porini, ambao Waojibwe huuita manoomin na huuvuna ziwani wakiwa kwenye mitumbwi, kwa kuupigapiga kwa vijiti uangukie ndani. Soma karatasi ya mfuko. Mweusi sana unaong'aa mara nyingi umelimwa shambani na huchelewa kuiva. Wa ziwani una rangi ya kahawia iliyochanganyika, huiva haraka na una harufu ya moshi.

Ukichoka na ugeni, nenda Karmel Mall karibu na Lake Street, au mitaa ya Cedar-Riverside. Wasomali wamejenga hapo soko ambamo sambusa, chai ya viungo na wali havitakosekana, na mara nyingi utampata anayejua Kiswahili cha Nairobi au Mombasa.

Umefika na theluji

"Sitatoka nje, nitakufa na baridi." Nakuelewa, lakini kinachomshinda mgeni mara nyingi ni nguo zenyewe.

- Nguo ya ndani ya kubana, juu yake sufu, juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Tabaka tatu ni bora kuliko koti moja nene.
- Buti zisizoingiza maji, zenye nafasi ya soksi nzito. Viatu vya kubana hugandisha vidole.
- Kofia inayofunika masikio, na glavu. Siku za nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa.
- Usinunue kwetu. Azima kwa mwenyeji, au nunua huko kwenye maduka ya mitumba.

Ukishavaa, tembelea Minnehaha tena: maporomoko yale yale yamekuwa pazia la barafu ya buluu. Yatazame kutoka juu au njiani; usipite nyuma ya barafu, huanguka. Saint Paul ina Winter Carnival tangu 1886. Na mwombe mwenyeji akupeleke kuona uvuvi wa barafuni, watu wakitoboa tundu na kukaa ndani ya kibanda katikati ya ziwa. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri barafu iwe na unene wa angalau sentimita 10 ndipo mtu atembee juu yake. Nenda na mwenyeji anayelijua ziwa hilo, kamwe usiende peke yako, na mtu mzima akitaka kuvua achukue leseni kwanza.

Siku ya upepo mkali, katikati ya Minneapolis kuna madaraja ya vioo yanayounganisha majengo kwa kilomita 15 hivi. Unatembea mji ukiwa na shati.

Mambo ya gari na mfukoni

1. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Kule ni kulia. Kosa hutokea unapotoka kwenye maegesho asubuhi, barabara ikiwa tupu.
2. Basi la njano la shule likiwasha taa nyekundu na kutoa kibao, simama, hata ukiwa upande wa pili wa barabara isiyotenganishwa.
3. Kushika simu ukiendesha ni kosa tangu Agosti 2019.
4. Jioni, paa huruka barabarani, hasa Oktoba na Novemba. Akivuka mmoja, jua wa pili yupo.
5. Mgahawani wenye mhudumu, ongeza asilimia 15 hadi 20 juu ya bili. Ndiyo desturi, na wahudumu wanaitegemea.
6. Kata bima ya afya ya safari kabla ya kupanda ndege. Usiku mmoja wa hospitali bila bima unaweza kula akiba ya familia nzima.
7. Ukitoka kwenye nyasi ndefu au msituni, jikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Kupe wadogo wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme.

"Nina siku nne tu"

- Siku ya 1: Minnehaha, Mill City Museum na daraja la mawe, kwa treni.
- Siku ya 2 na 3: Duluth na barabara ya 61.
- Siku ya 4: Como asubuhi, Karmel mchana. Jioni, kama unapenda, makutano ya 38th na Chicago, alipouawa George Floyd tarehe 25 Mei 2020. Hapo ni mahali pa kumbukumbu na watu wanaishi. Nenda kimya, soma yaliyoandikwa, usipige picha za kutabasamu.

Itasca isubiri safari nyingine, na Mall of America uiingize siku ya kuondoka, kwa kuwa iko vituo vichache tu kutoka uwanja wa ndege. Cha kufanya leo, hata kabla hujafunga begi, ni kumpigia mwenyeji mweke nafasi ya kulala Duluth. Wikendi za kiangazi na za majani mekundu, vyumba huisha mapema mno.